Muhogo wa Siku Tatu

Wewe unayesoma, umewahi kutia mkono katika maji ya kijito asubuhi ya kiangazi, ukatafuta muhogo uliolowekwa, ukaubonyeza kwa kidole gumba ili ujue kama umeiva? Kama bado, sikiliza habari za Léontine. Yeye alitia mkono, akabonyeza, akajua. Shida yake haikuwa kutojua.

Léontine alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikaa na mama yake Régina, mdogo wake Raphaël wa miaka mitano, na bibi yao mzaa mama. Bibi huyo jina lake lilikuwa Mwamvita, lakini nyumbani wote walimwita Koko. Kijiji chao kilikuwa upande wa Wamaza, kando ya barabara ya udongo iendayo Kabambare. Baba yao, André, alikuwa amekwenda kufanya kazi katika machimbo ya mbali, na barua yake ya mwisho ilikuwa imefika kabla ya mvua. Huo ulikuwa mwaka wa 1954, wakati wa Wabelgiji. Kila nyumba ilikuwa na shamba la pamba la lazima, lililopimwa kwa kamba.

Siku zao zilifanana. Mama aliondoka alfajiri na kikapu chake kwenda kuchuma pamba, kwa maana kapita, msimamizi wa pamba, alikuwa akipita shamba kwa shamba na kuandika majina ya waliochelewa. Raphaël alibaki akifukuza kuku uani. Léontine alitembea karibu saa nzima hadi masomo kwenye misioni, na aliporudi alimkuta Koko mbele ya mafiga, macho yake mekundu kwa moshi.

Koko hakujua kusoma, lakini jiko lake lilikuwa na utaratibu wake. Katika kopo la chumvi alitia punje chache za mchele uliokaangwa, na chumvi haikulowana hata mvua inyeshe wiki nzima. Samaki wadogo wakavu walioletwa kutoka Nyangwe aliwatundika juu ya moshi, wadudu wasiwaingie. Chungu cha sombe, yaani majani ya muhogo, hakukifunika kilipochemka mara ya kwanza, ili ule mvuke mkali utoke uende zake. Mafuta ya mawese aliyasikiliza kwa sikio: yakiacha kupiga kelele, alisema, "Sasa yamenyamaza, lete kitunguu." Yote hayo aliyafanya bila kupima. Ukimwuliza kiasi gani, alikuonyesha kiganja chake.

Basi, mwezi wa sita, mtawa aliyewafundisha wasichana kazi za nyumbani, Masera Louise, alisimama mbele ya darasa akawagawia madaftari mapya yenye jalada la bluu.

"Kila mmoja wenu ataandika daftari la jikoni," alisema. "Mtaandika mambo yote ambayo mpishi anapaswa kujua, ili hata msichana asiye na mama aweze kusoma na kupika. Daftari zuri kuliko yote nitalisoma mbele ya wamama wanaokuja kujifunza siku ya Jumamosi. Na kila mmoja alete kikapu kidogo cha unga alioutengeneza kwa mkono wake mwenyewe. Lakini andikeni hesabu! Siku ngapi, vikombe vingapi. Mkiandika 'kidogo' ao 'kiasi', mimi sielewi."

Wiki mbili zikapita. Ernestine, binti wa katekista, alikuwa amejaza kurasa ishirini. Kila siku njiani alimgeukia Léontine.

"Daftari yako iko na njaa bado?"

"Limeshakula."

"Limekula nini? Kurasa sita? Hata mgonjwa anakula zaidi ya hapo!" Wasichana wengine walicheka, na Léontine akaongeza mwendo ili asionekane uso.

Jumapili hiyo jioni alikaa karibu na Koko, daftari juu ya magoti.

"Koko, muhogo muchungu unalowekwa siku ngapi?"

"Unalowekwa mpaka uive."

"Siku ngapi, Koko? Masera anataka hesabu."

Koko akacheka kidogo. "Masera amekwisha kuloweka muhogo?"

"Koko!"

"Haya, haya. Wakati wa mvua, maji yakiwa na joto yake, siku tatu. Lakini kiangazi..."

"Tatu," Léontine akasema na kuandika. Ukurasa ulikuwa umejaa hadi chini. Akapuliza wino ukauke, akafunga daftari.

Koko alibaki ameufungua mdomo kidogo, kama mtu ambaye neno lake la pili limekosa mahali pa kukaa. Kisha akainama kupuliza moto.

"Na pale juu," akauliza bila kugeuka, "kwenye jalada, umeandika nini kwa herufi kubwa?"

"Jina langu. Ni daftari yangu."

"Ah," Koko akasema. "Ni vizuri."

Kesho yake, Jumatatu, mama aliwaletea mihogo mizito kutoka shambani. Koko na Léontine waliimenya, wakaiteremsha kijitoni, wakaizamisha katika shimo la kulowekea, wakaiwekea mawe juu. Maji yalikuwa baridi kiasi cha kuumiza vidole.

Jumanne habari mbaya ilikuja. Mzee Bulaimu, kaka mkubwa wa Koko, alikuwa amefariki. Alikuwa mtu wa kikohozi cha siku nyingi, na kiangazi kile na vumbi lake kilimshinda. Nyumba yake ilikuwa mwisho wa kijiji. Koko alijifunga kitenge cha zamani, akachukua mkeka wake. Kwa desturi yao, mwenye kufiwa hashiki mwiko wala hakaribii mafiga mpaka chakula cha kufunga matanga kiliwe. Hukaa mkekani, wengine wakampikia.

Kabla ya kutoka alimshika Léontine bega.

"Jiko ni lako sasa. Usitoe muhogo kwa kuhesabu, unasikia? Bonyeza moyo wake, pale katikati. Kidole kikizama, na harufu yake ikikupiga puani, toa. Moyo ukikataa, uache ulale tena."

"Ndiyo, Koko."

Alhamisi asubuhi Léontine alishuka kijitoni peke yake. Ukungu ulikuwa mzito, na ng'ambo ya maji hakuonekana mtu wala mti. Aliondoa mawe, akatoa muhogo wa kwanza, akaubonyeza. Juu ulikuwa laini. Katikati ulikuwa mgumu kama mti. Akatoa wa pili, wa tatu, wa nne, na yote ilikuwa vilevile. Akanusa. Hakukuwa na ile harufu kali ya muhogo ulioiva. Kulikuwa na harufu ya maji tu.

Alichuchumaa pale muda mrefu. Unga ulitakiwa darasani Jumatatu, na muhogo unahitaji siku za kukauka. Akiuacha siku mbili tena, atakwenda mikono mitupu, na Ernestine atapata la kusema mwaka mzima. Akatoa daftari kwenye mfuko wake wa masomo, akalifungua. Imeandikwa pale, kwa wino, kwa mwandiko wake mzuri: *Muhogo mchungu, siku tatu.*

"Ni siku tatu," alijiambia kwa sauti, kana kwamba kuna mtu aliyemkatalia. Akautoa wote.

Muhogo ulioiva humomonyoka wenyewe mkononi. Huu aliukata kwa kisu. Aliuanika juu ya mwamba, jioni akauweka juu ya uchaga wa moto, na Ijumaa akautwanga. Unga ulikuwa mweupe ajabu, mweupe kuliko wa Koko. Léontine aliutazama ndani ya ungo, na kwa muda mfupi moyo wake ulitulia.

Ijumaa hiyo mama alirudi shambani amechoka, vidole vimechanwa na makaka ya pamba. Alikaa kizingitini akavua vitambaa alivyofunga mikononi.

"Unga uko tayari?"

"Uko tayari, mama."

"Ulibonyeza moyo wake?"

"Nilibonyeza."

"Ulikuwa laini?"

Lilikuwa swali dogo, na jibu lake lingekuwa dogo pia. "Ulikuwa laini," Léontine akasema.

"Vizuri. Kesho wanafunga matanga. Asubuhi nitapitisha kikapu kwa Véronique, ndiye mkubwa wa wapishi. Tusiende kumlilia mjomba mikono mitupu." Mama akajinyoosha mkekani, na kabla Léontine hajapata neno lingine, alikuwa amelala na vumbi lake.

Jumamosi asubuhi mama aliondoka na kikapu kikubwa cha unga kichwani. Aliupitisha kwa Véronique, akaendelea kwenda shambani. Léontine alibaki na Raphaël. Mchana ulipofika akasonga ugali kwa unga uliobaki. Samaki wote walikuwa wamepelekwa matangani, kwa hiyo kulikuwa na sombe tu. Alimega tonge la kwanza na kuliweka mdomoni. Uchungu ulishika nyuma ya ulimi, ukakaa.

Katika ukurasa wa nne wa daftari alikuwa ameandika: *Mboga ikiwa chungu, ongeza chumvi na mawese.* Basi akaongeza chumvi, akaongeza mawese mpaka sombe ikang'aa.

"Yaya, bugali iko chungu," Raphaël alimwambia dada yake.

"Kula. Wewe kila siku unalalamika."

"Lakini iko chungu kweli."

"Chovya vizuri kwenye mboga. Ona mawese yalivyo mengi!"

Mtoto alikuwa na njaa, akachovya, akala akamaliza. Léontine alikula matonge matatu akaacha. Alisema hana hamu.

Jua lilikuwa limepinda kidogo tu Raphaël alipoacha kufukuza kuku. Alikaa chini, akashika kichwa. Akatapika mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipojaribu kusimama miguu ilimwacha, akaanguka kama nguo iliyodondoka kwenye kamba. Léontine naye kichwa kilikuwa kinampiga. Alimbeba mgongoni, akakimbia kwenda kwa Koko, na kila hatua aliisikia pumzi ya mdogo wake shingoni, fupi na ya haraka.

Uwanja wa marehemu ulikuwa umejaa watu. Waliposikia kilio chake walisimama. Octave, mume wa Véronique, mtu mwenye sauti kubwa na baiskeli pekee kijijini, alimpokea mtoto akamlaza.

"Anaumwa nini?"

"Sijui," Léontine akasema.

Koko aliinuka mkekani kwa shida, akaja akinyoosha mikono. Mwanamke mmoja akamzuia.

"Usimguse, mama. Subiri kwanza."

"Ni mujukuu wangu!"

"Na Bulaimu alikuwa kaka yako," Octave alisema. "Jumanne kaka, leo mujukuu. Nani alikuwa karibu na wote wawili? Mimi sitaji mutu. Nauliza tu."

Véronique alisema polepole, "Octave, acha maneno hayo," lakini hakuna aliyemsogelea Koko. Mikono yake iliyokuwa imenyooka ikashuka pole pole ubavuni. Alimtazama Léontine, kama anayengoja aseme kitu. Léontine aliangalia chini.

Walimwita mtu aende kumtafuta Régina shambani. Octave akatoa baiskeli. Léontine alikaa nyuma, amemfunga Raphaël kifuani kwa kitenge, na wakaenda mbio hadi dispensari ya misioni. Njia nzima Octave hakusema neno ila moja, "Yule mama, leo hii atafungasha."

Muuguzi wa dispensari aliitwa Faradji, mtu mwembamba wa maneno machache. Alifungua macho ya mtoto, akasikiliza kifua, akanusa mdomo wake.

"Amekula nini leo?"

"Bugali na sombe," Léontine akajibu.

"Bugali ya muhogo? Mutamu ao muchungu?"

"Muchungu."

"Ulilowekwa siku ngapi?"

Léontine akajibu: "Tano."

Faradji akaandika tano. "Na moyo wake ulikuwa laini?"

"Ndiyo."

"Basi si muhogo." Aliweka kalamu chini, akajipangusa uso. "Nilidhani ni huo. Nimeona watoto wengi wa namna hii mwaka huu wa pamba. Watu hawana nafasi ya kungoja. Lakini siku tano zinatosha."

"Unaona, muganga," Octave alisema. "Si chakula. Kuna mutu nyuma ya jambo hili, na sisi tunamujua. Nikirudi, hatalala kijijini."

"Habari hizo mimi sizijui," Faradji akasema. "Najua kitu kimoja: nikikosea ugonjwa, nitakosea dawa. Kama si muhogo, lazima nitafute kwingine, na huyu hana muda mrefu." Akafungua kabati, akaanza kusoma vibandiko vya chupa, moja baada ya nyingine.

Léontine alisimama karibu na dirisha. Nje jua lilikuwa limefika kwenye vichwa vya michikichi. Kijijini sasa wapishi wanawasha mafiga makubwa, kwa maana chakula cha kufunga matanga huliwa jua linapozama. Aliona kikapu cha mama, unga ule mweupe. Akawaona watoto wa Véronique, wanne, ambao siku zote huja wa kwanza na mikono iliyonawa. Akaiona mikono ya Koko ikishuka. Mkono wa Raphaël ulikuwa unaning'inia kando ya kitanda, na vidole vilikuwa vikitetemeka peke yake.

Aliondoka dirishani, akaushika mkono ule.

"Tatu."

Faradji akageuka. "Nini?"

"Siku tatu. Si tano. Na moyo ulikuwa mugumu. Niliukata kwa kisu. Haukunuka kabisa." Sasa maneno yalikuja yote pamoja, na machozi pamoja nayo. "Raphaël alisema iko chungu. Mimi niliongeza chumvi. Koko hakugusa kitu! Koko alikuwa matangani tangu Jumanne, na aliniambia nisitoe. Ni mimi."

Faradji hakumkaripia. Aliuliza swali moja tu, "Unga mwingine uko wapi?"

Hapo Octave akashika mlango. Uso wake ulikuwa umekuwa wa majivu. "Véronique," alisema. "Watoto wangu." Hawakusikia mengine; walisikia baiskeli ikianguka, ikiinuliwa, na kengele yake ikilia barabarani.

Faradji sasa alijua afanye nini. Alimtapisha mtoto, akamchoma sindano, akamlaza ubavu. Halafu akaanza kumpa maji ya sukari, kijiko kwa kijiko, akihesabu pumzi zake kwa midomo. Léontine naye alipewa maji hayo. Mama alifika akikimbia, pamba imemganda kwenye nywele. Aliwasikiliza. Kisha akakaa sakafuni, mgongo ukutani.

"Nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza, Léontine."

Léontine angependa apigwe.

Wakati giza linaanza kuingia, Raphaël alifungua macho akaomba maji mwenyewe. Faradji akapumua kwa nguvu, ndipo akamgeukia Léontine.

"Sikiliza, mutoto. Kosa la jikoni linaweza kutengenezwa. Lakini ukilificha, hata dawa haijui iende wapi. Ulichelewa kusema. Bahati yetu hukuchelewa sana."

Mambo ya kijijini waliyasikia kesho yake. Octave alifika wakati vyungu viwili vya ugali vinageuzwa kwa miiko, na watoto wamekaa duara mikono imenawa. Alipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Ugali wote ulifukiwa shimoni, na matanga ya mzee Bulaimu yakafungwa kwa ndizi za kuchoma na maji.

Raphaël alirudi nyumbani baada ya siku nne, mwepesi kama kifaranga. Alipona. Lakini kwa miezi mingi, kila Léontine alipoweka sahani mbele yake, alikunja mikono na kusema, "Yaya, onja wewe kwanza." Naye alionja, kila mara, akimwangalia machoni.

Octave alikuja kwa Koko na kuku mkubwa, akapiga magoti. Koko alimpokea kuku kwa mikono miwili, kwa heshima, akamshukuru. Ila jioni hiyo hakutoka uani. Na walikuwapo wanawake walioendelea kupita njia nyingine ya kijitoni, ingawa ukweli walikuwa wameusikia. Neno la namna ile likishatoka uwanjani mbele ya watu, halirudi lote.

Darasani, Léontine alikwenda bila unga. Alimweleza Masera Louise kila kitu kabla ya kengele. Masera alisoma ule ukurasa, akasoma tena, akamrudishia daftari.

"Hili siwezi kuwasomea wamama," alisema taratibu. "Nami nilikosea niliposema hesabu tu. Nenda ulitengeneze, hata kama hakuna zawadi."

Lililosomwa lilikuwa la Ernestine. Ernestine hakutania safari hii. Alisogea pembeni kidogo tu kwenye benchi, na kimya chake kilikuwa kibaya kuliko utani.

Wiki mbili baadaye Koko na Léontine walishuka tena kijitoni. Muhogo mwingine ulikuwa umelala siku tano. Ukungu ulikuwa uleule, na maji baridi yaleyale. Koko alikaa juu ya jiwe. Tangu matanga magoti yalikuwa yanamsumbua.

"Bonyeza," alisema.

Léontine akabonyeza. Kidole kilizama hadi katikati, na harufu kali ikampiga puani mpaka akapiga chafya. Koko alitabasamu kidogo.

"Ndiyo huo."

Waliutoa wakaujaza vikapuni. Walipomaliza, Léontine alipangusa mikono, akatoa daftari la bluu. Akakata mstari juu ya maneno *siku tatu*.

"Koko, ile jioni nilikukata maneno. Ulisema 'lakini kiangazi', mimi nikafunga. Ulitaka kusema nini?"

Koko aliangalia maji. "Nilitaka kusema kiangazi maji yanakuwa baridi, muhogo unachelewa. Siku nne, tano, hata sita. Hesabu ya siku inakuambia wakati wa kwenda kugusa. Haikuambii kutoa. Mwenye kukuambia utoe ni moyo wa muhogo." Akangoja kalamu imfikie. "Na uandike hivi: uchungu ukiusikia mdomoni, usiufiche kwa chumvi. Mwaga, hata kama watu wana njaa. Na ukiwa umekosea, sema palepale chungu kikiwa bado motoni, hata ukiogopa. Mimi siku ile sikuumia kwa maneno ya Octave sana. Niliumia kwa kuwa wewe ulijua, ukatazama chini."

Léontine aliandika yote. Maneno ya mwisho aliyaandika polepole, kwa maana hakuona vizuri.

"Nisamehe, Koko."

"Nimekwisha kukusamehe. Andika."

"Nimemaliza. Ni hayo tu?"

Koko alinawa mikono, kidole kwa kidole, kama mtu asiye na haraka. Akaifuta kwenye kitenge. Akafunga kikapu chake, akakifungua tena.

"Hapana," alisema mwishowe. "Kuna moja tena. Jina langu limeandikwa mara moja tu hapa duniani, kwenye kitabu cha kapita, siku niliyochelewa shambani. Ile jioni, ulipoandika pale juu kwa herufi kubwa, nilitaka kukuomba, nikaona haya." Akanyoosha kidole chake kilichokunjamana, akagusa jalada la bluu, pembeni ya jina la mjukuu wake. "Niandike na mimi hapo. Andika: Mwamvita."